Wanaouingia Moyo: Rekodi za Wenye Mbio, wa Nadra na Wachelewaji

Morogoro, mji kasoro bahari, una rekodi ya dunia ambayo wenyeji wengi hawajaisikia. Aprili 2025 Guinness walimtangaza panya buku aitwaye Ronin kuwa panya aliyegundua mabomu mengi ya ardhini kuliko wote: mabomu 109, na juu yake silaha nyingine 15 ambazo hazikuwa zimelipuka, yote hayo katika jimbo la Preah Vihear huko Kambodia tangu Agosti 2021. Aliyemtangulia, Magawa, aliishia mabomu 71 na medali ya dhahabu. Shirika linalowafunza, APOPO, lina kituo chake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, hapo chini ya milima ya Uluguru.

Panya wa mabomu ndio wanaopigwa picha. Wenzao wanaobaki Morogoro kazi yao haina mbwembwe: tangu 2007 wananusa makohozi yaliyoletwa kutoka zahanati na hospitali. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu wa maabara mwenye hadubini anaweza kuifanya kwa siku hadi nne. Wanachonusa ni kifua kikuu. Na kifua kikuu, jambo ambalo watu husahau, si ugonjwa wa mapafu peke yake. Kinaweza kufika kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na barani Afrika ndicho sababu kubwa kuliko zote ya mfuko huo kuvimba.

Basi makala haya yanawaacha panya na mabomu yao, yanafuata rekodi za chembechembe nyeupe za damu zinazouingia moyo uliovimba: nani huwahi, nani hukwama mlangoni, nani amekaa humo tangu kabla hatujazaliwa, na nani huacha hasara kubwa kuliko wote. Msimamo wangu nautoa mapema. Vitabu vingi vya tiba humpa sifa mwenye mbio, kwa sababu vimeandikwa huko ambako shambulio la moyo ndilo linaloua. Huku kwetu anayebomoa mioyo ya watoto ni yule anayefika wa mwisho.

Njia yenyewe

Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Ili uweze kazi hiyo, hunyonya karibu robo tatu ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayopita katika misuli yake, na hakuna kiungo kingine kinachonyonya kwa kiwango hicho mwili ukiwa umetulia. Kwa sababu hiyo misuli ya moyo imesheheni mishipa midogo kabisa, kapilari, kiasi kwamba karibu kila seli ya msuli ina wa kwake ubavuni. Chembe nyeupe hupita humo usiku na mchana. Lakini kupita ndani ya mshipa si kuingia moyoni. Katikati kuna ukuta wenye unene wa seli moja, na moyo ukiwa mzima ukuta huo ni mlaini, hauna pa kushika.

Tishu ikiumia, ukuta hubadilika, na hapo anayeijua stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, hahitaji kufundishwa sana. Chembe nyeupe ni abiria anayekatiza stendi ana safari zake. Kwenye ukuta wanachomoza wapigadebe, molekuli ziitwazo selektini. Wa kwanza anamshika shati, abiria anachopoka. Wa pili anamvuta mkono, anachopoka tena. Lakini kila akivutwa mwendo unapungua, mpaka anatokea mmoja anayelikamata begi. Begi hilo ni integrini, molekuli za chembe yenyewe ambazo kwa kawaida huwa zimejikunja. Kemikali za wito zinazotoka kwenye tishu iliyoumia, kemokini, huzifanya zikunjuke na kung'ang'ania ukutani.

Sasa chembe imesimama. Inajitandaza, inatambaa kutafuta upenyo kati ya seli mbili za ukuta, inatanguliza mguu mmoja mwembamba, kisha mwili mzima unajibana kuufuata. Kwa nyutrofili, aina iliyo nyingi kuliko zote katika damu ya watu wengi, kiini cha seli kimegawanyika vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa nyuzi, na vipande hivyo hupita kimoja kimoja. Kuvuka kote huchukua dakika chache.

Aliyelieleza jambo hili kwa undani alikuwa Julius Cohnheim, mwaka 1867 mjini Berlin, akitumia chura hai aliyetandazwa chini ya hadubini ili mishipa yake myembamba ionekane. Kabla yake wapo walioona chembe zikitoka mishipani, lakini ni yeye aliyeonyesha kwamba usaha hutoka kwenye damu, hauzaliwi palepale kwenye kidonda. Uluguru ina vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao ni miongoni mwa vyura wachache duniani wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai majini. Bahati yao maabara ya Cohnheim haikuwa Kinole, kwenye milima hiyo.

Mwenye mbio

Kombe la kasi halina ubishi, ni la nyutrofili. Mpigadebe wa kwanza, P-selektini, huwa amehifadhiwa tayari ndani ya seli za ukuta, kwenye vifuko vilivyoelezwa na Ewald Weibel na George Palade mwaka 1964, na akihitajika huchomoza ndani ya dakika. Wengine hulazimika kutengenezwa upya, kazi ya saa kadhaa. Mtu akipata shambulio la moyo, kisha mshipa ulioziba ukafunguliwa, nyutrofili huanza kumiminika papo hapo, na katika siku ya kwanza hadi ya tatu ndizo zinazotawala eneo lililokufa. Uboho wa mifupa hutengeneza kama bilioni 100 kwa siku, kwa hiyo akiba haipungui.

Kuwaona wakiingia ndiko kulikochukua muda. Chura wa Cohnheim alitulia, moyo hautulii. Moyo wa panya mdogo wa maabara hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika, na picha ya hadubini inachafuka kabla hujaitazama. Ilipofika 2012 ndipo watafiti wa St. Louis, Marekani, walipochapisha picha za nyutrofili zikiingia moyo wa panya unaopiga, kwa hadubini ya leza. Zilionekana zikipunguza mwendo na kushika kwenye vena za moyo, zikavuka, zikakusanyika makundi makundi ndani ya misuli. Kutoka chura mpaka hapo ni miaka 145.

Madaktari wa zamani waliwaona wageni hawa kuwa waharibifu tu, na ni kweli hutapakaza vimeng'enya na sumu za oksijeni zisizochagua kilicho kizima na kilichokufa. Ila mwaka 2017 panya walioondolewa nyutrofili baada ya shambulio la moyo walionyesha matokeo mabaya zaidi, makovu yakazidi na moyo ukashindwa kazi mapema. Mwenye mbio huja na hasara yake, lakini huondoka. Maisha yake ni mafupi, na kazi ya kusafisha huwaachia wengine.

Rekodi ya uhaba ni yetu

Maabara nyingi huhesabu nyutrofili 1,500 kwa kila mikrolita ya damu kuwa mpaka wa chini. Si watu wachache wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, wazima kabisa, walio chini ya hapo. Sababu kubwa ilibainika mwaka 2009: ni jeni ileile inayohusika na kundi la damu la Duffy, lililopewa jina la mgonjwa mmoja wa London mwaka 1950.

Molekuli ya Duffy ina kazi mbili, na ya pili ndiyo inayotuhusu. Juu ya chembe nyekundu ni mlango wa vimelea vya malaria aina ya vivax. Kwenye ukuta wa vena ndogo ndogo ni kibebaji: huzichukua kemokini kutoka upande wa tishu na kuzipitisha hadi upande wa damu, ambako chembe nyeupe zinazopita zitazihisi. Karibu watu wote wa Afrika Magharibi na ya Kati, na sehemu kubwa ya watu wa Afrika Mashariki, wana mabadiliko ya jeni yanayoiondoa molekuli hiyo kwenye chembe nyekundu huku yakiiacha kwenye vena. Vivax ikapigwa kufuli kwa sehemu kubwa, vena zikabaki na kibebaji chao, na wito wa kuingia kwenye tishu ukaendelea kufanya kazi.

Uhaba wenyewe ni wa kwenye damu tu. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba nyutrofili za watu hawa zina tabia yake, na zinaihama damu kwa wepesi kwenda kwenye tishu. Hesabu ya maabara inazikosa kwa sababu zimeshatoka mishipani. Hata hivyo wapo wagonjwa waliosimamishiwa dawa, zikiwamo za saratani, kwa kosa la kuwa na namba ambayo kwao ni ya kawaida. Hilo linaniudhi kuliko rekodi yoyote katika orodha hii.

Aliyekwama mlangoni

Rekodi hii ni ya ng'ombe, na inafaa isomwe SUA, ambako madaktari wa mifugo wa nchi hii wamefundishwa tangu miaka ya sabini. Osborndale Ivanhoe alikuwa dume la Holstein la Marekani, na kwa njia ya uhimilishaji mbegu zake zilisambaa kwa kiwango ambacho dume linalopanda lenyewe lisingekifikia. Pamoja na maziwa, lilisambaza kosa moja katika jeni ya integrini. Mwaka 1992 kosa hilo lilipotambuliwa, kama 14 kwa kila 100 ya madume ya Holstein yaliyokuwa yakitoa mbegu Marekani yalikuwa yamelibeba.

Ndama aliyelirithi kutoka pande zote mbili anazaliwa na nyutrofili tele. Damu yake imejaa hadi kupitiliza. Lakini begi halina mpini: wapigadebe wanavuta, hakuna pa kukamata. Fizi zinaoza, mapafu yanaoza, na usaha hautoki, kwa sababu hakuna anayevuka kwenda kuutengeneza. Wengi hufa kabla ya kukomaa.

Kwa binadamu ugonjwa wa namna hiyo humpata kama mtoto mmoja kwa milioni. Dalili yake ya mwanzo inaweza kumshtua bibi kabla ya daktari: kitovu hakianguki. Wiki ya tatu inapita, ya nne inaingia, kipande kingali kinaning'inia, kwa sababu zinazokikata ni nyutrofili, nazo hazifiki.

Mkaazi wa kudumu

Si wote wanaoingia kwa mlango wa uvimbe. Moyo una makrofaji wake, seli kubwa zinazomeza takataka, waliofika mimba ikiwa changa, wakitokea kwenye mfuko wa kiini unaotangulia uboho kutengeneza damu. Tangu hapo huzaliana wenyewe humohumo. Ushahidi kwa binadamu ulipatikana kwa njia ya ajabu, katika mioyo iliyopandikizwa. Mwanamume aliyepewa moyo wa mwanamke ana kromosomu Y katika seli zake zote isipokuwa za moyo ule. Mwaka 2018 watafiti walipochunguza mioyo ya namna hiyo waliona makundi mawili ya makrofaji: moja lina Y, yaani limeingia kutoka kwenye damu ya mwenye mwili, la pili halina Y, yaani lilikuja na moyo wenyewe na lingali linajizalisha.

Kundi la wageni, lenye alama iitwayo CCR2, ndilo linalochochea uvimbe na kuita wengine. Wenyeji hutuliza na kukarabati. Wengine kati yao, kama ilivyoonekana mwaka 2017, wameungana na seli zinazopitisha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, na wanausaidia upite. Yaani seli ya kinga inashiriki katika mapigo. Ukinitaka nichague rekodi ya kushangaza kuliko zote, ni hii.

Kuhusu akiba kubwa nitasema kidogo tu. Mwaka 2009 Filip Swirski na wenzake walionyesha kwa panya kwamba bandama, ambayo wengi hudhani inaweza kuondolewa bila hasara, ina ghala la monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, wanaosubiri. Moyo ukiumia wanatoka kwa wingi na kwenda huko, ambako wengi hugeuka makrofaji.

Aliyeingia kila chumba

Atakayepita hifadhi ya Mikumi na madirisha ya gari wazi atakutana na ndorobo, na atamkumbuka. Vimelea vya malale vinavyobebwa na ndorobo wa ukanda huu hujulikana kwa kuingia ubongoni. Ndiyo maana mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Mwaka 1976 A. A. Poltera, J. N. Cox na Raphael Owor wa Makerere walichapisha uchunguzi wa mioyo ya watu waliokufa kwa malale, na walichokikuta kinastahili rekodi ya kuenea. Chembe za kinga zilikuwa kwenye mfuko wa nje, kwenye misuli, kwenye utando wa ndani, kwenye njia za umeme, na kwenye milango yote minne. Magonjwa mengi yanayouvamia moyo huchagua. Homa ya baridi yabisi hupenda milango ya kushoto, shambulio la moyo hukaa pale mshipa ulipoziba. Hili halikuchagua.

Kwa mifugo mambo haya huonekana kwa macho. Katika machinjio, mkaguzi wa nyama huuweka moyo wa ng'ombe mezani, akaupasua na kuufungua wazi, kisha akachanja misuli mara kadhaa kwa kisu chenye makali. Moyo, ulimi na misuli ya taya ndizo sehemu zinazopendwa na mabuu ya tegu. Akikuta kifuko kinachong'aa chenye kitone cheupe, buu angali hai na kinga ya ng'ombe imemwacha akae. Akikuta donge jeupe linalosagika chini ya kisu, huyo ameshakufa, na lile donge ni mabaki yake pamoja na ya chembe zilizomzingira, eosinofili na makrofaji, mpaka chokaa ikajaa. Moyo mmoja unaweza kuwa na wote wawili, sentimita chache kati yao.

Mbaya zaidi ni ndama wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo. Mama zao huchechemea na kutoa udenda, wengi hupona. Ndama huanguka na kufa ghafla, mara nyingine kabla kidonda hakijatokea mdomoni. Ukimpasua, moyo una michirizi ya rangi ya majivu na manjano katikati ya nyekundu, na madaktari wa mifugo huuita moyo wa chuimilia. Michirizi ile ni misuli iliyouawa na virusi, na chini ya hadubini imejaa limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, walioifuata.

Fumbo la Mulago

Mwaka 1948 Jack Davies, mwanapatholojia aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza moyo ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao. Utando wa ndani wa vyumba vya chini ulikuwa umegeuka kovu nene, gumu, likaziba ncha ya moyo na kuvuta milango. Leo unaitwa kwa jina refu, endomayokadio fibrosisi. Wagonjwa wengi walikuwa watoto na vijana maskini, matumbo yamejaa maji, miguu mara nyingi haijavimba.

Mshukiwa wa muda mrefu ni eosinofili, chembe nyeupe ambayo katika damu ya kawaida haifiki hata 6 kwa 100. Ni chembe ya minyoo; punje zake zina protini zenye sumu kali kwa mnyoo, na zikimwagika moyoni huunguza utando wa ndani. Mwaka 1936 Wilhelm Löffler wa Uswisi alikuwa ameshaeleza wagonjwa wenye eosinofili nyingi na kovu linalofanana na lile. Ila Kampala wagonjwa wengi walifika kovu likiwa limekomaa na eosinofili zimeshaondoka, kwa hiyo ushahidi ulibaki wa kimazingira. Chakula, minyoo, udongo, kila kimoja kimewahi kutajwa, na hakuna kilichotiwa hatiani.

Rekodi ya wingi haiko Uganda bali Msumbiji. Mwaka 2008 Ana Olga Mocumbi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima kwa ultrasaundi ya moyo watu 1,063 wa eneo moja la vijijini. Watu 211 walikuwa na dalili za ugonjwa huo, karibu mmoja kati ya watano, na wengi wao hawakuwa wakijisikia kuumwa.

Maji mengi kuliko yote

Mfuko wa moyo huwa na maji kidogo ya kulainisha, mililita 15 hadi 50. Kifua kikuu kikiufikia, limfosaiti huingia, vimiminika hufuata, na kwa kuwa kazi hii huenda polepole mfuko hutanuka nayo; unaweza kubeba zaidi ya lita moja kabla mtu hajakubali kwenda hospitali. Kiasi hichohicho kikijaa kwa ghafla kingemuua.

Je, dawa ya kupunguza uvimbe ingesaidia? Swali hilo lilijibiwa na Waafrika. Bongani Mayosi wa Cape Town aliongoza jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za bara hili, theluthi mbili hivi wakiwa na VVU. Wengine walipewa prednisoloni pamoja na dawa za kifua kikuu, wengine hawakupewa. Vifo havikupungua. Mfuko kukakamaa na kuubana moyo kulipungua, kutoka asilimia 7.8 hadi 4.4, lakini saratani zinazoambatana na VVU zikaongezeka. Kwa ufupi, ukiwafukuza wavamizi wa moyoni, umewafukuza na waliokuwa wakilinda mahali pengine.

Mchelewaji

Tumefika kwa ninayempa kombe, na ni kombe la hasara.

Mtoto wa kijiji cha Mgeta, mlimani Uluguru, ana miaka minane. Koo linamuuma, anameza kwa shida, ana homa. Anapewa maji ya chumvi asukutue, baada ya siku nne anacheza. Waliokuwa kooni ni bakteria waitwao streptokokasi wa kundi A, na kwa watoto walio wengi hadithi inaishia hapo. Kwa wachache, wiki mbili hadi nne baadaye, magoti yanavimba, kisha kiwiko, maumivu yanahama kiungo hadi kiungo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti yatapona bila kovu. Wakati wote huo kuna kazi inayofanyika moyoni bila kuuma.

Milango ya moyo, valvu, ni tishu ya pekee. Unene wake kwa mtoto haufiki milimita 3, na ikiwa nzima haina mishipa ya damu ndani, isipokuwa labda kwenye shina. Kwa maelezo tuliyoyatoa juu ya kapilari na vena, hapa hapana njia. Chembe nyeupe zinapita mbele ya valvu mara 100,000 kwa siku, kwa kishindo cha damu kisichoruhusu yeyote kushika. Ilitakiwa iwe sehemu salama kuliko zote.

Kinachotokea ni kwamba kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya streptokokasi, kwa kuwa protini ya M ya bakteria hao inashabihiana na protini za moyo, hunata kwenye utando unaoifunika valvu. Utando huo, ukisumbuliwa, huchomoza VCAM-1, molekuli ambayo integrini za limfosaiti huikamata vizuri. Limfosaiti aina ya T hushika palepale juu ya valvu, ndani ya chumba cha moyo, na kuzama ndani yake moja kwa moja. Uchunguzi wa tishu zilizotolewa kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji ulionyesha hayo mwaka 2001. Mapema zaidi, 1995, Luiza Guilherme na wenzake wa São Paulo walizitoa seli T kutoka mioyo ya wagonjwa, wakazikuza maabara, wakazionyesha vipande vya bakteria na vipande vya protini za moyo. Kuna zilizoitikia vyote viwili.

Zikishaingia huacha vinundu, ambavyo Ludwig Aschoff alivieleza mwaka 1904, na huacha kitu kibaya kuliko vinundu: valvu iliyovimba huota mishipa ya damu. Tishu ambayo haikuwa na njia sasa inayo. Koo likiuma tena, mwakani au mwaka unaofuata, wanaoingia hawahitaji tena kushika kwenye kishindo. Wanapita kwenye vena mpya kwa utaratibu wa kawaida. Kila awamu huongeza kovu, valvu inakunjamana, inavuja au inaziba. Msichana anafika miaka ishirini na kitu, anapata mimba ya kwanza, damu inaongezeka mwilini kama inavyopaswa, na anashindwa kupumua akiwa amelala chali. Hapo ndipo ugonjwa unapogunduliwa, na safari inayofuata ni ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kuzungumzia kufunguliwa kifua. Makadirio ya 2019 yaliwahesabu watu wenye ugonjwa huu duniani kuwa kama milioni 40.

Nyutrofili iliwahi kwa dakika na ikaondoka kwa siku. Limfosaiti huyu alichelewa wiki tatu na hasara yake imedumu miaka ishirini. Na hakuna dawa iliyothibitishwa kumzuia akishaingia. Steroidi na aspirini hupunguza homa na maumivu, hazijaonyeshwa kuiokoa valvu.

Kinachofanya kazi ni kuondoa sababu ya kuitwa. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao ultrasaundi iliwaonyesha kuwa na dalili za mwanzo, wenyewe hawajui kama wanaumwa, waligawanywa kwa kura. Nusu walichomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili; nusu walifuatiliwa bila sindano. Emmy Okello, Andrea Beaton na wenzao walitangaza matokeo mwishoni mwa 2021. Walioongezeka ugonjwa kati ya waliochomwa ni 3. Kati ya wasiochomwa ni 33.

Penisilini haigusi limfosaiti hata mmoja. Inamuua streptokokasi kooni kabla hajasababisha awamu nyingine. Ni dawa ya tangu miaka ya hamsini, bei yake ni ndogo, na unga wake haudai friji, jambo kubwa kwa zahanati za mlimani. Usumbufu wake unajulikana kwa kila muuguzi aliyewahi kuichoma: ni nzito, huziba sindano isipochanganywa vizuri na kuchomwa upesi, na mtoto aliyeipata mara moja analikumbuka paja lake siku nzima. Mwezi unaofuata ni lazima arudi.